Ambroise Paré, Kinyozi Aliyekuwa Mpasuaji wa Wafalme

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kaskazini-magharibi, uko mji uitwao Laval, na karibu yake palikuwa na kijiji kidogo, jina lake Bourg-Hersent. Huko ndiko alikozaliwa Ambroise Paré, yapata mwaka wa 1510. Hakuwa mtoto wa ukoo mkubwa. Hakufundishwa Kilatini wala Kiyunani, na jambo hili wasomaji walitie moyoni, maana lilimwandama maisha yake yote kama deni.

Siku zile kazi ya uganga huko Ulaya ilikuwa na ngazi zake. Juu kabisa alikaa daktari, mtu wa vitabu, aliyevaa joho refu na kusema Kilatini. Alitazama mkojo wa mgonjwa katika chupa, akashika mkono wake kusikiliza mshipa, akaamuru dawa. Lakini kushika kisu aliona ni aibu. Chini yake walikuwa wapasuaji wa Chama cha Mtakatifu Côme, na chini ya hao walikuwa vinyozi. Kinyozi alinyoa watu ndevu, na wembe ule ule ulitumika kupasua majipu na kutoa damu. Alipiga chuku, aling'oa meno, aliunga mifupa iliyovunjika. Paré alianza katika ngazi hiyo ya chini. Baada ya kuwa mwanagenzi wa kinyozi alikwenda Paris, yapata mwaka wa 1533, akapata kazi katika Hôtel-Dieu, hospitali kubwa ya maskini, ambamo wagonjwa walilala wawili watatu katika kitanda kimoja. Alikaa humo kama miaka mitatu. Naona hapo alijifunza mengi kuliko wale waliokaa darasani, kwa sababu kila namna ya ugonjwa na jeraha ilipita mbele ya macho yake, na waliokufa aliweza kuwapasua na kuona ndani.

Hata yapata mwaka wa 1537 akaenda vitani Italia pamoja na jeshi la Mfalme Francis wa Kwanza. Walipoingia Turin, Paré alitafuta mahali pa kuweka farasi wake, akaingia katika banda moja, akakuta humo maiti za askari wanne, na wengine watatu wameegemea ukuta, nyuso zao zimeharibika kwa baruti, hawaoni, hawasikii, hawasemi. Akaja askari mmoja mzee, akamwuliza kama yako matumaini ya kuwaponya. Paré akasema hapana. Basi yule mzee akawaendea mmoja mmoja, akawachinja taratibu bila hasira. Paré alimkaripia kwa ukatili huo. Mzee akamjibu kwamba yeye humwomba Mungu, kama siku moja akiwa katika hali kama ile, apatikane mtu wa kumtendea vivyo hivyo. Kijana wa miaka ishirini na saba hivi hakuwa na jibu, wala mimi sijui ningejibu nini. Habari hiyo aliiandika alipokuwa mzee, na yaonekana haikumtoka kichwani.

Wakati ule bunduki zilikuwa jambo jipya kidogo, na wakubwa wa uganga walifundisha kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti, kwa hiyo sharti lichomwe kwa mafuta yanayochemka. Paré aliwatazama wenzake wakimimina mafuta ya moto ndani ya majeraha, akafanya kama wao. Siku moja majeruhi walikuwa wengi na mafuta yakamwishia. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka wale waliobaki. Usiku hakupata usingizi, maana aliogopa kuwakuta wamekufa kwa sumu. Alfajiri akaamka mapema kwenda kuwatazama, na alichokiona kilimshangaza: wale waliopakwa dawa ya yai walikuwa wamelala vizuri, majeraha yao hayakuvimba, na wale waliochomwa mafuta walikuwa na homa, maumivu makali na uvimbe. Tangu siku ile aliazimu asiwachome tena majeruhi wa risasi.

Wengi wakitaja Paré huishia hapo, kwenye yai na mafuta. Mimi nataka kueleza zaidi juu ya kazi yake nyingine, yaani kutoa vitu vilivyoingia mwilini, hasa vilivyoingia kichwani kwa njia ya jicho.

Mwaka wa 1542 Wafaransa waliuzunguka mji wa Perpignan, na Bwana de Brissac, mkuu wa mizinga, akapigwa risasi karibu na bega la kulia. Wapasuaji watatu wanne wakaitafuta risasi wasiione, wakasema labda imeingia kifuani. Paré alipoitwa hakuanza kwa kuchokoa jeraha. Alimwomba Bwana de Brissac asimame vile vile alivyokuwa alipopigwa, mkono wake ukishika kana kwamba una mkuki. Basi nyama na mifupa vikarudi mahali pake vilipokuwa saa ile, Paré akapapasa njia ya risasi, akaikuta chini ya mfupa wa bega. Mpasuaji mwingine, Nicole Lavernault, akaitoa. Ni jambo jepesi mtu akishaambiwa, lakini kabla yake hakuna hata mmoja katika wale aliyelifikiri.

Mwaka uliotangulia, yaani 1541, alikuwa amefaulu mtihani wa ukinyozi-mpasuaji, na mwaka huo huo akamwoa Jeanne Mazelin. Mwaka wa 1545 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya majeraha ya bunduki. Alikiandika kwa Kifaransa, kwa kuwa lugha nyingine hakuijua, na hivyo kila kinyozi jeshini aliyejua kusoma aliweza kukitumia.

Mwaka ule ule wa 1545 Wafaransa walikuwa wakijaribu kuutwaa tena mji wa Boulogne, ulioangukia mikononi mwa Waingereza mwaka mmoja kabla. Kijana mmoja wa ukoo mkubwa, François, aliyekuja kuwa Duke wa Guise, akapambana na Waingereza, naye akachomwa mkuki usoni. Mkuki uliingia juu ya jicho la kulia, ukashuka kuelekea pua, ukatokea upande wa pili kati ya kisogo na sikio. Kisha ukavunjika. Kichwa cha chuma pamoja na kipande cha mti vikabaki ndani ya kichwa cha mtu aliye hai.

Hapa yafaa tusimame kidogo tutazame umbo la mahali penyewe. Jicho limekaa ndani ya tundu la mifupa lenye umbo la pia, pana mbele na jembamba nyuma. Ukingo wa mbele ni mgumu, mtu aweza kuupapasa kwa kidole. Lakini dari ya tundu hilo ni mfupa mwembamba mno, na juu ya dari hiyo pamekaa ubongo wenyewe. Upande wa pua ukuta wake ni mwembamba zaidi. Nyuma kabisa ipo mianya ipitayo mshipa wa kuonea na mishipa ya damu. Kwa hiyo kijiti, mshale au msumari ukiingia penye jicho, waweza kufika kwenye ubongo bila kuvunja fuvu mahali pagumu, na kwa nje pengine haonekani ila mkato mdogo kwenye kope. Hatari ya pili ni wakati wa kutoa, maana kitu kilichokwama huenda ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Ukikivuta, damu inafurika. Ndiyo sababu madaktari wa leo hukataza kabisa mtu asing'oe kitu kilichochoma jicho au kichwa. Hukikinga kisitikisike, wakampiga mgonjwa picha zinazoonyesha ndani ya kichwa, na kukitoa katika chumba cha upasuaji, mishipa ikiwa wazi mbele ya macho yao.

Huko Boulogne hayakuwapo hayo yote. Eksirei iligunduliwa mwaka wa 1895. Dawa ya usingizi, yaani etha, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka wa 1846, miaka mia tatu na moja baadaye. Penisilini ilikuwa bado karibu karne nne. Mti ulikuwa umevunjika karibu na ngozi hata mikono haikuweza kuushika. Ikatumiwa koleo ya mhunzi, ile ya kushikia chuma cha moto, wakavuta kwa nguvu nyingi. Paré, ambaye ametuachia habari hii katika maandiko yake na ambaye jina lake limeshikamana nayo mpaka leo, aeleza kwamba mifupa ilivunjika na mishipa ilikatika wakati wa kuvuta. Lakini chuma kilitoka. Yaelekea kilikuwa kimepita chini ya ubongo bila kuugusa. Guise akapona, wala jicho lake halikupotea. Alibaki na kovu kubwa usoni, na watu wakamwita Mwenye Kovu.

Miaka saba baadaye wawili hawa walikutana tena. Mwishoni mwa mwaka wa 1552 Guise alikuwa mkuu wa ulinzi wa mji wa Metz, uliozungukwa na jeshi kubwa la Kaisari Charles wa Tano. Majeruhi ndani ya mji walikuwa wakifa, na askari wakaanza kunong'ona kwamba dawa zina sumu. Guise akapeleka habari kwa Mfalme Henri wa Pili kumwomba Paré. Kapteni mmoja Mwitalia wa upande wa adui akalipwa fedha nyingi, naye akampitisha Paré usiku wa manane katikati ya jeshi la Kaisari mpaka ndani ya mji. Asubuhi yake alipopelekwa kwenye ukuta uliobomolewa, wakubwa walimkumbatia. Askari walisema sasa hata wakijeruhiwa hawatakufa. Kaisari aliondoka na jeshi lake Januari 1553 bila kuupata mji.

Katika mwaka huo wa 1552, penye mji wa Damvillers, Paré alianza jambo jingine kubwa. Mtu alipokatwa mguu, desturi ilikuwa kuzuia damu kwa kuchoma kigutu kwa chuma chekundu. Paré alitwaa koleo ndogo yenye umbo la mdomo wa kunguru, akashika mshipa uliokatwa, akaufunga kwa uzi. Huhitaji kuambiwa mgonjwa alichagua lipi.

Mwaka wa 1553 bahati ilimwacha mkono. Alikuwa ndani ya Hesdin mji ulipotekwa. Akijua kwamba mtu mwenye jina hutozwa fidia kubwa, alimpa askari mmoja koti lake la mahameli, akavaa matambara yake. Hata hivyo kazi ya mikono yake ilimfichua. Mkubwa mmoja wa upande wa pili, Bwana de Vaudeville, alikuwa na kidonda cha mguu cha miaka mingi, akaahidi kumwachilia bure kama atamponya. Kidonda kilipona, naye Vaudeville akatimiza ahadi. Mwaka uliofuata Chama cha Mtakatifu Côme kilimkubali kuwa mpasuaji kamili, ingawa Kilatini chake kilikuwa cha kuchekesha, na madaktari wa Chuo cha Paris walinung'unika sana.

Sasa nafika kwenye jambo lililoihuzunisha Ufaransa nzima.

Katika mwaka wa 1559 Ufaransa na Hispania walifanya amani, na kwa ajili hiyo Mfalme Henri wa Pili alimwoza binti yake kwa Mfalme Philip wa Hispania, na dada yake kwa Duke wa Savoy. Pakafanywa michezo ya mikuki juu ya farasi katika njia ya Saint-Antoine, Paris. Mfalme alipenda mno mchezo huo, naye alishindana mwenyewe. Tarehe 30 Juni, siku ilipokuwa inakwisha, akataka kukimbia mara moja zaidi na kapteni kijana wa walinzi wake wa Kiskoti, Gabriel de Montgomery. Mikuki ikavunjika. Kigutu cha mkuki wa Montgomery kikamgonga mfalme, kikafunua chuma cha uso, vibanzi vya mti vikaingia juu ya jicho la kulia na ndani ya tundu lake.

Mfalme akachukuliwa mpaka nyumba ya kifalme ya Tournelles. Paré alikuwa mmoja wa wapasuaji walioitwa. Philip wa Hispania naye akamtuma kutoka Brussels daktari wake mkuu, Andreas Vesalius, mtu aliyejulikana Ulaya nzima kwa kitabu chake cha mwaka 1543 juu ya umbo la mwili wa mwanadamu. Basi penye kitanda kimoja walisimama mwanachuoni mkubwa kuliko wote na kinyozi wa Laval. Vibanzi kadhaa vikatolewa. Inasimuliwa ya kwamba viliagizwa vichwa vya wahalifu wanne waliokwisha kuuawa, wakavichoma vipande vya mti katika jicho ili wajue vibanzi vingeweza kufuata njia gani. Jambo hili latisha kulisoma, lakini ukifikiri utaona kwamba ni shauri lile lile la Perpignan: kutaka kuujua mwendo wa silaha kabla ya kuifuata kwa chombo.

Kwa siku chache za kwanza mfalme alionekana kupata nafuu. Kisha homa ikapanda, akapoteza fahamu, na tarehe 10 Julai 1559 akafa, umri wake miaka arobaini.

Maiti ilipopasuliwa, Paré alitazama kwa uangalifu. Fuvu halikuvunjika. Lakini nyuma ya kichwa, upande ulio kinyume na jeraha, alikuta damu imeganda kati ya tando za ubongo, na sehemu ya ubongo pale, upana wa kidole gumba hivi, imegeuka rangi ya manjano na kuanza kuoza. Alitambua kwamba pigo la mbele lilikuwa limeutikisa ubongo ukaumia upande wa nyuma, na kwamba hicho, zaidi ya jeraha la jicho, ndicho kilichomwua mfalme. Aliandika habari hiyo katika kitabu chake juu ya majeraha ya kichwa, kilichotoka mwaka wa 1561. Ubongo kuumia upande usiopigwa ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa uganga hufundishwa leo.

Basi tazama tofauti ya wawili hawa. Mmoja alipitishwa mkuki mzima kichwani, akang'olewa kwa koleo ya mhunzi, akaishi miaka kumi na minane mpaka alipopigwa risasi karibu na Orléans mwaka wa 1563. Mwingine alikuwa mfalme, ameingiwa na vibanzi, amezungukwa na madaktari bora wa Ulaya, naye akafa siku ya kumi. Wako wanaosema Paré alishindwa. Mimi sikubaliani nao. Damu iliyoganda nyuma ya kichwa hakuna ambaye angeiona siku zile mtu angali hai.

Aliendelea kuwatumikia wana wa mfalme huyo, Francis wa Pili, Charles wa Tisa na Henri wa Tatu, na chini ya Charles akawa mpasuaji mkuu. Mfalme Charles aliletewa jiwe kutoka Hispania, akaambiwa ni dawa ya sumu zote. Paré akasema hakuna dawa moja iwezayo kushinda kila sumu. Akaletwa mpishi aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuiba sahani mbili za fedha, akakubali kunywa sumu na kupewa jiwe, na akipona aachwe huru. Alikufa kwa mateso baada ya saa saba. Paré alikuwa na haki juu ya jiwe, lakini sahani mbili ni bei ndogo mno kwa kifo cha namna ile, na hapa siwezi kumsifu mtu yeyote aliyekuwapo.

Waliopoteza viungo aliwatafutia mafundi wa kufuli wawaundie mikono ya chuma yenye vidole vya kukunjika, na waliopoteza jicho aliwatengenezea jicho la dhahabu au fedha lililopakwa rangi. Mwaka wa 1572 alimtibu Admirali de Coligny aliyepigwa risasi Paris. Siku mbili baadaye admirali aliuawa katika mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo.

Mwaka wa 1575 alikusanya maandiko yake yote katika kitabu kimoja kikubwa, na Chuo cha Madaktari cha Paris kikataka kukizuia kisiuzwe, kwa kuwa kinyozi alithubutu kuandika juu ya homa, tena kwa Kifaransa. Mkuu mmoja wa chuo, Étienne Gourmelen, aliandika kwa Kilatini kulaumu kufunga mishipa kwa uzi. Paré alimjibu mwaka wa 1585 kwa kusimulia safari zake za vita moja moja, miji, majeruhi na majina yao, akamwuliza mpinzani wake amepasua watu wangapi akiwa amekaa kitini. Ni kwa sababu ya ugomvi huo tunazijua habari za Turin, Metz na Hesdin. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba kazi yake ilikuwa kufunga jeraha, na kuponya ni kwa Mungu.

Mwaka wa 1590 Paris ilizungukwa na jeshi la Henri wa Nne, watu wakafa njaa njiani. Paré, mzee wa miaka themanini hivi, alikutana na Askofu Mkuu wa Lyon kwenye daraja la Saint-Michel, mmoja wa wakuu waliokataa amani. Akamsimamisha mbele ya watu, akamwambia bila woga kwamba maskini wanaomlilia wanakufa kwa njaa, na kwamba Mungu atamdai damu yao. Tarehe 20 Desemba mwaka huo akafa nyumbani kwake, akazikwa katika kanisa la Saint-André-des-Arts. Kanisa hilo limekwisha bomolewa. Huko Laval ipo sanamu yake, iliyosimamishwa mwaka wa 1840.